Kura juu ya Kichwa cha Burito

Kijiwe cha Kamunyonge, pale nyuma ya fundi viatu, kina benchi moja, birika moja na sheria moja: anayetaka kusema ainue kikombe, tena kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ni dharau. Sheria hiyo aliitunga Lameck, ambaye kwa kazi hiyo alijipa mwenyewe jina la Spika. Na aliyesababisha itungwe ni Mzee Burito, dalali wa samaki kule mwaloni, kwenye soko la ufukweni, mtu ambaye akianza kunadi sangara, wenzake kijiweni walikuwa hawapati hata upenyo wa kukohoa. Sasa imefika miezi mitano tangu kiharusi kimpige Burito mkono wa kulia na ulimi. Anaelewa kila kitu. Maneno anayo, ila yanatoka moja moja, tena kwa kuchelewa. Tangu hapo kikombe chake hakijainuka kwa mkono huo hata siku moja, kwa hiyo, kisheria, hajaomba kusema.

Jioni hiyo binti yake, Matrida, alikuwa amemwachia vitu viwili juu ya benchi. Kimoja ni picha ya ubongo wake, aliyopigwa Mwanza kwenye mashine ya MRI, imejaa nyuzi za rangi kama za kufumia vitambaa. Cha pili ni fomu. Anaitwa kesho akapigwe picha nyingine, madaktari waone zile nyuzi zilizoumia zimeendeleaje. Gari linaondoka alfajiri, na jibu, ndiyo au hapana, linatakiwa leo. Burito alikuwa nalo tangu asubuhi. Hakupewa nafasi.

Fundi umeme wa kijiwe, anayeitwa Fezi, ndiye aliyetangulia kuinua kikombe.

— Mie nawaambia hii ni wayaringi. Ubongo una sehemu ya kijivu, hiyo ndo taa. Sehemu nyeupe ndo waya. Taa za mzee zinawaka zote, ila waya wa kwenda mkononi umeungulia njiani.

— Nani kakwambia? akauliza Spika.

— Matrida kaelezwa na daktari. Mashine inaangalia maji yanavyotembea humo kichwani. Maji yanafuata nyuzi, kompyuta inachora njia. Nyekundu zinaenda kushoto na kulia, kijani mbele na nyuma, bluu juu na chini. Ona hii bluu ya upande mmoja ilivyokonda.

Burito akatikisa kichwa kukubali. Fezi alikuwa amepatia, na kama angeishia hapo angeondoka na heshima yake.

— Sasa dawa yake rahisi. Unazima mein switchi. Mzee akae wiki mbili asiongee na mtu, halafu unawasha.

Pastory wa bodaboda akainua chake.

— Fezi, hiyo siyo waya, ni barabara. Barabara ikikatika Kiabakari, utalala njiani? Unachepukia Butiama, unatokea Nyamuswa, huyoo Bunda. Mie nilikuwaga napitaga huko na abiria. Shemeji yangu wa Mwitongo alipigwaga kiharusi, wakawa wanampakia kwenye pikipiki, wanamrusharusha kwenye makorongo mpaka ubongo ukashtuka, ukafungua njia nyingine.

— Akapona?

— Alianguka akavunjika mguu. Lakini mkono ulipona.

Spika hakukubali kupitwa.

— Nyie hamjaangalia rangi. Nyekundu ni nani? Simba. Kijani? Yanga. Mzee huyu ni Simba tangu tunavaa kaptula. Nani kamjazia kijani kichwani? Picha siyo yake hii! Wamembadilishia! Akienda tena watamrudisha na kichwa cha mtu wa Bunda.

— Bu... akaanza Burito.

Alitaka kusema habari ya ile bluu. Kila alfajiri anasimama uani peke yake anajifunza upya kunadi: sato, sangara, furu, dagaa. Jana majina yote manne yalitoka bila kukwama, akalia machozi kwa furaha, kuku wakimtazama. Alitaka kujua kama bluu nayo imenenepa. Alikuwa anaogopa pia, maana huenda imezidi kukonda. Vyovyote vile, alitaka kuiona.

— Tulia mzee, usijichoshe, akasema Spika kwa upendo kabisa, akamjazia kikombe cha tatu cha kahawa yenye tangawizi. Tangawizi ilikuwa nadharia ya Fezi, ya kuzibua mishipa.

— Waheshimiwa, tupige kura. Mzee aende?

Pastory alisema aende, kwa sababu lami ni nzuri. Wawili walikataa. Spika akachukua kalamu, akaweka alama kwenye "hapana".

Wino haujakauka, akafika muuguzi kijana, Marcelina, aliyekuwa akipita kukusanya fomu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akaisoma fomu.

— Hapana? Mwenyewe kasemaje?

Fezi akamtazama Pastory. Pastory akatazama pikipiki yake.

— Hajainua kikombe, akasema Spika.

— Kwa mkono gani?

— Wa kulia. Ndo sheria.

Marcelina akaitazama picha, akautazama mkono wa kulia wa Burito uliolala juu ya paja.

— Na miezi yote hii mlikuwa mnasubiri ainue?

 

Ndipo Burito akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akakiinua juu ya kofia yake, kahawa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Spika akafungua mdomo ataje kanuni, akayaona macho ya mzee, akaufunga.

— Na... e... nda.

— Anasema anaend... akadakia Pastory. Fezi akamkanyaga mguu. Marcelina alikuwa ameketi na kalamu mkononi, anangoja, kwa sababu aliona mzee hajamaliza.

— Na ta... nga... wizi... si... pe... ndi.

Benchi zima likainamisha vichwa. Miezi mitano, vikombe vitatu kila jioni.

Spika akanyanyua birika, likawa jepesi. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akachukua kikombe chake mwenyewe, cha kahawa chungu isiyo na tangawizi, ambacho alikuwa hajakigusa, akakiweka mbele ya Burito, upande wa kushoto.