Chai Niliyoimwaga

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Saady, mtoto wa marehemu kaka yangu, sogea zaidi, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno.

Kitanga nzima hapakuwa na mkausha tumbaku kama mimi Isihaka. Kipimajoto cha bani, lile banda la kukaushia, nilikitundikia kofia, nikapima kwa shavu. Joto likizidi nafungua madirisha ya juu, likipungua naongeza kuni, na jani lilitoka la dhahabu mpaka wanunuzi wakadhani nalipaka rangi. Majivuno hayo, Saady, ndiyo yaliyomuua baba yako.

Mwaka juzi, Kakonko ilipofanywa wilaya, nesi Rosa alitueleza vizuri: mwili wenye afya hujichunga wenyewe, sukari ikipanda huishusha, ikishuka huipandisha, kama mkaushaji asiyelala, wa baba yako Mudathiri umeshindwa, na sindano yake ya kisukari inajua kushusha tu, basi akijichoma lazima ale. Mimi nikashika nusu, kwamba sukari ni sumu. Asubuhi ya kifo chake alijichoma, nikamkimbiza bani kabla hajala. Jua halijapanda akaanza kutetemeka, maneno yanampotea, akasema, "Mdogo wangu, nipe chai, tia sukari nyingi." Nikamgusa shavu, limelowa jasho la baridi, nikamwambia, "Kaka, sukari imekupanda, unataka kujiua?" Nikaimwaga chai mbele ya macho yake. Alizimia, hakuamka.

Watu wakamsema jirani yetu Hatungimana, eti kamroga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sikusema ndiyo, nilitikisa kichwa kama mtu anayejua. Wakamchomea ghala, mkewe Nadine akakimbia na watoto, na yeye bado ananisalimia kila asubuhi. Salamu zile zinanila kuliko ugonjwa huu.

Basi shikeni. Shamba la mpakani ni lake, na ghala mtamjengea kwa mikono yenu. Saady, ukiona mwenye kujichoma sindano hiyo anatetemeka na bado anaweza kumeza, mpe sukari kwanza, kisha mkimbize zahanati, maswali yafuate. Kunisamehe au kutonisamehe ni haki yako, usinijibu leo.

Asmahani mwanangu, kamwite Hatungimana, aisikie kweli hii kwa mdomo wangu.

Mwenyezi Mungu awape kila mmoja wenu mtu wa kumwambia "basi" anapozidi, na awape... awape masikio ya kumsikia. Mimi nilikuwa naye, Rosa... nikamcheka.

Ni yeye huyo mlangoni? Niinueni, wanangu. Nikalisheni. Sitaki kumwambia nikiwa nimelala.