Mkono Uliofundisha Mashine Yenye Macho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, karibu katika chumba cha ukaguzi. Umetoka makao makuu ng'ambo ukaja mpaka huku kwenye kelele za mitambo. Tumefurahi kweli, na viti tumevifuta tangu jana.

HISTORIA

Sisi wakaguzi tuko kumi na wanne. Mkongwe wetu ni Shangazi Mkono. Kabla ya mashine, alikuwa akipitisha mgongo wa mkono juu ya kitambaa huku anapiga soga. Mkono ukisimama, ujue kosa lipo. Hapo hufunga uzi mwekundu pembeni, fundi akaja kurekebisha. Ndivyo alivyotufundisha sote. "Msinikodolee macho usoni," alikuwa akitwambia, "uso haukagui kitu."

MAFANIKIO

Mashine yako yenye kamera tunaivulia kofia. Jora tulilolikagua nusu saa, yenyewe hulimaliza kwa dakika moja, na haiombi ruhusa ya kwenda msibani.

Ila hatukufichi, wiki ya kwanza ilituvunja mbavu. Ilifundishwa kwa picha za vitambaa vyetu vibovu, na vyote vilikuwa na uzi mwekundu. Basi ikajifunza kutafuta uzi mwekundu! Vibovu visivyo na uzi ikavipitisha, mashuka mazima ya maua mekundu ikayakataa yote. Wahandisi wakabaki kukuna vichwa. Aliyegundua ni Shangazi.

"Jamani, msiigombeze," alisema. "Imeiga tulichoionyesha."

Akakaa nayo miezi miwili, akiionyesha kosa moja baada ya jingine. Tulimnong'oneza afiche makosa mawili matatu ya kuilinda kazi yake. Alitukata jicho. "Nikifundisha nusu nusu, nitajiita fundi?" Leo wanunuzi hawaturudishii hata jora moja. Tunajivunia mashine, na yeye tunajivunia zaidi.

CHANGAMOTO

Jumatatu orodha ya wanaopunguzwa ilibandikwa mlangoni. Jina la kwanza ni lake. Tumeumia sana. Na mashine bado hukwama kikija kitambaa kigeni. Huwasha taa ya njano, na hapo sote, wahandisi wakiwemo, tunageuka kumtazama Shangazi.

OMBI

Tuna ombi moja tu. Jina lake litolewe kwenye orodha, apewe kazi ya kuifundisha mashine, kwa barua na kwa cheo. Nasi tuko tayari kujifunza kazi hiyo kwake, kama tulivyojifunza ile ya kwanza.

Msomaji wetu, usiuruke mstari huu, tunakujua. Mheshimiwa, karatasi hizi tumemkabidhi akiwa ameshasimama mbele ya kipaza sauti. Anayekusomea ndiye Shangazi Mkono mwenyewe. Akinyamaza hapa, tafadhali mvumilie.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na azibariki kazi za mikono yote iliyomo humu.

Ni sisi, wakaguzi wa vitambaa. Sahihi zipo kumi na tatu. Ya kumi na nne ni ya msomaji, na yeye hatukumwuliza.