Sahihi ya Mama Shuka

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, na imemtuma mdogo wake marehemu, fundi viatu mnayemjua, aisome historia hii, ambayo ni ndefu kidogo kuliko mlizozizoea na kuna mahali itauma, lakini ndivyo alivyoagiza mwenyewe, na akishaagiza huyo hapakuwa na wa kumpinga.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Shuka hadi mkasahau kwamba ana jina jingine, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Machi 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mpiga chapa na mkewe mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1975 baba yao alipougua macho na kushindwa kazi, na kwa kuwa kaka mkubwa alikuwa mbali, yeye ndiye aliyeshika nyumba, akatuosha, akatuchapa na kututia adabu sisi wadogo zake, baadhi yetu bila mafanikio makubwa.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na kampuni ya malori kuwa karani wa stoo ya vipuri, na kwa miaka mitano aliwasikiliza madereva wakieleza kilichovunjika na jinsi ambavyo halikuwa kosa lao, mpaka akamwambia meneja kwamba amechoka kugawa vioo na anataka kuviangalia akiwa ndani ya gari. Watu walicheka, yeye akajifunza, na tarehe 12 Juni 1985 alipata leseni ya magari makubwa, akawa mwanamke wa kwanza wa kampuni ile kuvuta tela.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986, na mumewe, shemeji yetu mshonaji, alimpata kwa sababu ya ovaroli, maana kampuni ilinunua za kiume tu, marehemu akampelekea nne azipunguze, naye akawa anapunguza moja moja kila wiki ili mteja arudi, hila ambayo marehemu aliigundua kwenye ya pili na akanyamaza mpaka ya nne. Walijaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1987, wa kiume mwaka 1990, na kitinda mimba wa kike mwaka 1993, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 1994 aliteuliwa kuwa mkufunzi wa madereva wapya, na hapo ndipo alipopata jina. Wiki ya kwanza mwanafunzi hakuwasha injini, alizunguka gari kwa miguu, akagusa tairi moja moja, akapiga magoti kutazama chini, na wiki zilizofuata, alipokuwa akirudisha tela nyuma katikati ya mapipa matupu, kila alipositasita alisikia sauti moja tu dirishani, "Shuka! Shuka ukaangalie, kushuka si aibu!" Mdogo wake anayesoma hapa alikuwa mwanafunzi wake mwaka 1996, alishushwa mara nyingi kuliko alivyopanda, akafelishwa mara tatu bila kuonewa haya ya udugu, na leo anashona viatu na barabara zina usalama zaidi.

Sasa familia inafika mahali palipoagizwa. Utaratibu wa kampuni wakati huo ulikuwa kwamba dereva mpya anafunzwa miezi mitatu kwa posho ndogo, bila likizo, na bila kadi ya bima ya afya kwa ajili yake wala mkewe wala watoto, na yote hayo, mshahara kamili na kadi, yanaanza siku mkufunzi anapotia sahihi kwamba amefuzu. Mwaka 1998 alikuwapo mwanafunzi mmoja, kijana mpole na mwenye bidii, ambaye mkewe alikuwa mjamzito na daktari alikwishasema kwamba hatajifungua bila upasuaji. Kijana huyo aliendesha vizuri kwenda mbele, lakini kurudi nyuma upande wa kushoto kulikuwa bado, naye marehemu alijua kuwa ni bado. Siku ya Ijumaa tarehe 14 Agosti 1998, baada ya kijana kukaa kwenye benchi la ofisini tangu asubuhi bila kuomba neno lolote, roho ya huruma ilimponza dada yetu, akatia sahihi.

Mtoto alizaliwa salama tarehe 19 Agosti, kwa kadi mpya. Tarehe 2 Oktoba kijana yule, akirudisha tela kwenye ghala la unga, kwa upande wa kushoto, bila kushuka, alimbana mlinzi wa ghala ukutani, na mlinzi akakatwa mguu wa kulia. Dereva alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Marehemu alikaa kimya siku kumi na moja, na shemeji anasema siku hizo alipika vyakula akasahau kuvipakua, kisha tarehe 13 Oktoba akaenda kwa meneja akasema kosa ni lake, kijana hakuwa amefuzu na yeye alijua. Alivuliwa ukufunzi akarudishwa barabarani, kijana akarudishwa darasani kuanza upya, na ni dereva mpaka leo.

Kampuni ilipomwomba arudi kufundisha mwaka 2000 alikataa, akasema mkufunzi asiwekwe tena kuchagua kati ya uzazi wa mtu na mguu wa mtu, bima ianze siku ya kwanza ya mafunzo na posho imtoshe mwanafunzi kula, na alipoambiwa kwamba madai yake yamezidi aliwajibu wakubwa kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa, akawasha gari akaenda zake. Tarehe 1 Julai 2003 walikubali yote, mafunzo yakawa miezi minne, naye akarudi, akafundisha mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2019, na hakuna aliyepata sahihi yake kwa machozi.

Lakini kwa mlinzi hakusema. Alikwenda kwake Jumapili ya kwanza ya Novemba 1998 akiwa amejiandaa, mkewe mlinzi akamfungulia mlango, akamwambia, "Karibu dada, katika watu wote wa kampuni ile ni wewe tu uliyekuja," naye akaingia, akaketi, akaondoka na siri yake. Tangu hapo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa miaka ishirini na minne, alikwenda kusema, akacheza karata na mlinzi, akagombana naye kwa kuiba karata, na akarudi hajasema.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akatibiwa kwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi uliopita, alipojua safari imekaribia, aliwaandikia wanawe kwamba haya yote yasomwe mbele ya watu, ila mlinzi aambiwe kwanza, nyumbani kwake, asije akayasikia katikati ya umati. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi kumi na moja na siku sita.

Juzi Ijumaa mdogo wake na binti yake mkubwa walikwenda kwa mlinzi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, nasi tumeruhusiwa kuyarudia kama yalivyo, "Angeniambia siku ile ya kwanza nisingemfungulia mlango tena, na ningekosa mtu. Lakini nimekasirika. Msinibembeleze. Nitakuja kumzika na hasira zangu hivi hivi, kwa sababu ni mtu wangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia alipokuwa akiwafundisha kuegesha vitanda, majirani waliopika na kukesha nasi, kampuni na wafanyakazi wenzake, hasa madereva aliowafelisha na ambao wamekuja hata hivyo, na inamshukuru mzee aliyeketi pale safu ya mbele, aliyefika leo saa moja asubuhi kabla yetu sote, ambaye hajamsalimia yeyote, na ambaye ameomba kutupa udongo wa kwanza.

Dada, sasa umeshasema. Pumzika kwa amani.