Daftari la Eunice Mbele ya Wataalamu

Pale Nyahanga, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Sanket, kuna benchi la mbao ambalo watu wa mtaa wameliita Benchi la Wataalamu, na kwa kweli hawakulionea. Jumapili ile Eustace alifika na daftari la bintiye kalibana kwapani. Eunice alikuwa kanisani, daftari kaliacha mezani. Baba wa watu alilifungua kutafuta neno moja tu la kumtuliza moyo, akakuta kurasa nzima za mishale, pembetatu na herufi zilizokatwa mikia. Yeye shule aliiacha darasa la nne, lakini angalau maneno aliyaandika mazima. Kesho yake Eunice alikuwa arudi chuo cha madini, mwaka wa pili, na Eustace alishaapa kimoyomoyo: wataalamu wakisema huu ni mchezo, binti harudi, aende kwa shangazi yake Kharumwa akauze mitumba. Kiapo chenyewe kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri.

— Mwangaluka, wataalamu. Hebu nisomeeni hiki.

Jilala, karani mstaafu wa mahakama ambaye wote walimwita Namhala, yaani mzee, kwa heshima ya mvi zake, alivaa miwani kwanza, akakohoa, ndipo akasoma.

— Hii ni hati mkato. Miaka ishirini na saba nimemwandika hakimu akiongea, kalamu haijawahi kuachwa nyuma. Kistari chembamba ni herufi hii, ukikikoleza ni nyingine.

— Kwa hiyo mtoto anasoma?

— Subiri. Hapa pana W, ya "witness", halafu moja. Shahidi wa kwanza! Baba Eunice, binti yako ana kesi.

Sanket alitoka dukani na futikamba shingoni. Jina lake la kijiweni ni Maabara, maana alisoma kemia mpaka kidato cha sita na hajamruhusu mtu kulisahau hilo.

— Kesi wapi, Namhala! Pembetatu hii ni kemia tupu. Maana yake pasha moto. Mshale wa kwenda juu, gesi inatoka. Unapasha, gesi inatoka. Sasa jiulize, anatengeneza nini?

— Sabuni? Eustace alijaribu.

— Baruti, bwana!

Nasibu muuza kahawa alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? Eustace aliuliza.

— Baruti haishindiliwi kwa pupa, mzee. Kidogo kidogo.

Martina, mama wa duka la dawa, ambaye watu humwita Dozi, alikuwa kwenye ncha ya benchi akila kashata. Alilinyakua daftari.

— Nyie wanaume mnatisha watu bure. Huu mwandiko ni wa kwetu, wa hospitali. Ona: tatu, mkwaju, hamsini na mbili. Mwaka una wiki hamsini na mbili. Kwa hiyo hizi ni wiki tatu.

— Wiki tatu za nini?

Martina aligundua ghafla kwamba kashata imemdondokea kwenye kitenge, akaanza kujipangusa.

— Mimi nimesoma tu kilichoandikwa, Baba Eunice.

— Mficha uchi hazai, Nasibu alisema, kwa nia njema kabisa ya kumfariji.

— Nasibu, funga huo mdomo!

Kahawa ya Eustace ilipoa mkononi. Ndani ya robo saa bintiye alikuwa amepata kesi, baruti na mimba, na misa haijaisha. Alitamani arudishe daftari mezani, ajifanye hakuona kitu. Lakini moyo ukishaonja shaka hautulii.

— Na hizi nukta tatu, zilizokaa kama mafiga? Ziko kila ukurasa.

— Wazee wa baraza, Jilala alijibu papo hapo. Mahakamani wanakaa watatu.

— Atomu, alisema Sanket.

— Jamani, alisema Nasibu, sauti chini. Ni ramani. Mawe matatu, na mali iko katikati.

Hapo hata Martina alisogea. Nasibu, Jilala na Sanket wote walikuwa na hisa kwenye duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, ambalo Eustace ndiye msimamizi wake, na mwezi wa nne huu duara hilo lilikuwa likitoa vumbi tu. Walikuwa wanabishana waanze kuchimba upande gani wa mafiga Eunice alipotokea, Biblia mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote, macho chini.

— Baba, hilo si daftari langu?

Eustace aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyeshikwa mfukoni mwa mwanawe.

— Ni lako, mwanangu. Nisomee mstari huu. Huu wa tatu na hamsini na mbili.

Eunice aliweka kidole, akasoma kama anayesoma barua:

— Duara la tatu kati ya hamsini na mbili tuliyokagua. Ukuta wa kwanza umebadilika, maji yamepanda, udongo unashuka. Kwa hiyo watu watolewe kwanza, ndipo magogo yanayozuia kuta yabadilishwe.

— Yote hayo yamo humo?

— Mwalimu anaongea haraka, Baba. W ni "wall", ukuta. Pembetatu nimeiazima kwenye hesabu, ni mabadiliko. Kwenye kemia ndiyo kupasha moto.

— Si nilisema! Sanket alidakia.

— Na mafiga? aliuliza Nasibu.

— Ni "kwa hiyo".

— Kwa hiyo nini?

— Kwa hiyo tu. Tulichokiona kiko kabla yake, la kufanya liko baada yake.

Furaha ilimpanda Eustace mpaka akacheka peke yake. Nusu ya mambo hakuyaelewa, lakini mtoto wake alikuwa amelikunja duara zima likaenea kwenye urefu wa kidole. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema hilo mbele za watu Eunice aliposema:

— Na letu, Baba? Magogo ya duara letu yalibadilishwa lini?

Eustace alimtazama Jilala. Jilala alivua miwani, akaanza kuifuta. Sanket alikunja futikamba, akaikunjua. Nasibu alikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

— Basi lako kesho saa ngapi? Eustace aliuliza mwishowe.

— Saa kumi na mbili asubuhi.

— Nitakupeleka stendi mwenyewe. Namhala, wapigie vijana simu, waambie kesho asishuke mtu.

Alimrudishia bintiye daftari kwa mikono miwili, akasimama.

— Twende duarani kwanza. Kalamu unayo?