Msiseme Amelala

Waombolezaji wenzangu, majirani, na ninyi wenzake mliokuja na gari la maabara, familia imeniomba mimi bibi yake niwaeleze maisha ya mjukuu wangu, karatasi ipo lakini kusoma sijui, tarehe zote ninazo kichwani, na nina ombi moja kabla sijaanza, kila anayeingia hapa ananishika mkono ananiambia bibi jikaze, amelala tu, neno hilo naomba mliache hapo mlangoni, mtaelewa kwa nini.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1984, nyumba hii hii, chumba cha kona, mtoto wa pili wa binti yangu, mvua inanyesha na mkunga kachelewa, kwa hiyo mikono ya kwanza kumpokea ni hii, na alikuwa kadogo mno, tukamfunika nguo juu ya nguo hadi babu yake akauliza jamani, mtoto yuko wapi humo, ndipo akaitwa Makoti, na jina likamganda.

Shule ya msingi aliianza 1991, hapo ng'ambo ya barabara, sekondari akamaliza 2002, chuo akahitimu 2006, na mwaka uliofuata akaajiriwa maabara ya mifugo, akavaa koti jeupe, majirani wakasema haya, sasa jina limempata mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kimeta, huu ugonjwa unaomkuta ng'ombe asubuhi mzima, jioni kavimba miguu juu, na siku moja ya baridi alinikuta nimevaa sweta, juu yake koti la babu yake, juu yake shali, akacheka hadi akakaa chini, akasema bibi, leo umekuwa kijidudu changu, kisha akanionyesha nguo moja moja, kwamba kimeta kikikosa chakula kinakikausha kiini chake kama haragwe la mbegu, uhai wote umekunjwa humo, kinajizungushia ukuta mnene unaokibana kisinywe maji, hiyo ndiyo sweta yako, halafu koti gumu, tabaka juu ya tabaka, dawa inagonga inarudi, na nje kabisa shali iliyolegea yenye vinyweleo, hiyo ndiyo inayogusana na udongo, nikamuuliza sasa humo ndani si kimeshakufa, akaacha kucheka, akasema hapana bibi, kimelala.

Tarehe 14 Julai 2012 alimwoa huyu mwalimu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, 2014 na 2018, na hakuwahi kuwabeba akitoka kazini kabla hajaoga na kubadili nguo, mke wake akimtania kwamba mke mkubwa ni sabuni.

Mwaka 2015 aliniuliza walipofukiwa wale ng'ombe waliokufa kwa kimeta mwaka 1973, nikampeleka nyuma ya machinjio ya zamani, maana babu yake alikuwa mmoja wa waliochimba, akachota udongo, wakaupa joto na chakula kule maabara, na kile kitu kikavua makoti yake kikaamka, baada ya miaka arobaini na miwili, siku hiyo hakula, na mwezi huo huo wakazungushia pale uzio.

Mwaka huu, 2024, uzio uling'olewa, mtaro wa bomba la maji ukapitishwa pale pale, tarehe 24 Februari akapata habari akiwa nyumbani, akakimbia vile alivyo, bila koti wala barakoa, akaruka mtaroni kuisimamisha mashine, vumbi likamfunika, Jumanne akapata homa, tukadhani mafua, Jumatano akalazwa, Alhamisi akapata nafuu, akaomba chai, akawachekesha wanawe, tukashangilia, na Ijumaa tarehe 1 Machi pumzi ikakata.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, hawakumwacha, nawashukuru majirani kwa viti, maji na kukesha na sisi, na ninyi wenzake mliotueleza kwa upole kwa nini jeneza lisifunguliwe.

Na wewe kaka wa mke wake, umetuletea ng'ombe wa kulisha watu, moyo wako nimeuona, lakini nimesikia hukumchinja, ulimkuta ameanguka kando ya mtaro leo asubuhi, damu puani, na nilipokuuliza ukanijibu bibi, nyama ikichemka sawasawa hakuna kinachobaki, nami nakwambia mwanangu, sufuria ya nyumbani haikivui kijidudu hicho koti, ndiyo maana hawa wa maabara wana pipa lao la chuma la mvuke, na Makoti alisema ndani ya mnyama kiko uchi, ni akipasuliwa, hewa ikiingia, ndipo kinavaa, na mimi hapa naongea nasikia kisu kinanolewa huko nyuma ya jiko.

Kiweke chini hicho kisu, baba, mwambieni huko nyuma akiweke chini, kina mama wasiinjike sufuria, watoto waingizwe ndani, na ninyi wa maabara piteni kwa mlango wa uani, mkamteketeze huyo ng'ombe vile alivyo.

Haya, kisu kimenyamaza.

Makoti, mume wangu mdogo, wewe hukulala, umekufa, bibi yako nimelitamka mbele ya watu, basi pumzika kwa amani, aliyelala yuko kule nyuma ya machinjio, na mtaro bado uko wazi.