Imekufa au Imehama

KALONDU: Haloo. Kama ni bima unauza, sina haja.

GITHAE: Si bima, mama. Habari ya mchana? Naongea na—

KALONDU: Wewe kwanza. Nani huyo, na namba umetoa wapi?

GITHAE: Naitwa Githae. Nafanya kazi ya takwimu, niko hapa Ruiru. Namba yako iko kwa rejista ya biashara. Nimepata mwenyewe wa Kalondu na Mumo Sweta za Shule, Makongeni, Thika?

KALONDU: Umepata Kalondu.

GITHAE: Asante. Ni maswali machache tu. Tunapitia biashara moja baada ya nyingine tujue gani iko na gani ilikufa.

KALONDU: Ilikufa?

GITHAE: Ndivyo tunaita kazini. Ikianza imezaliwa, ikifungwa imekufa. Halafu tunatoa hesabu: mwaka huu zimezaliwa ngapi, zimekufa ngapi.

KALONDU: Na matanga mnafanyia wapi?

GITHAE: (anacheka) Hakuna matanga, mama. Nabonyeza tu mahali kwa kompyuta.

KALONDU: Haya. Uliza, nisikucheleweshe na maiti zako.

GITHAE: Biashara bado inafanya kazi?

KALONDU: Nafungua kila asubuhi. Hata saa hii niko ndani.

GITHAE: Poa sana. Na unauza?

KALONDU: Nafagia.

GITHAE: Pole, mtandao umekwaruza. Umesema—

KALONDU: Umesikia.

GITHAE: Sasa mteja akikuja leo anataka sweta ya mtoto?

KALONDU: Namtuma mjini kwa Jasmeet, ana duka la yunifomu. Sweta zake zinatoka kwa kontena na zinavutika kama chewing gum, lakini yeye ni mtu mzuri. Jana aliniletea chai.

GITHAE: Kwa hivyo wewe mwenyewe hufumi.

KALONDU: Nitafuma na meno? Mashine hazipo.

GITHAE: Ziko wapi?

KALONDU: Hiyo iko kwa maswali yako ama ni umbea?

GITHAE: Iko kwa maswali.

KALONDU: Zilienda.

GITHAE: Uliziuza, ama—

KALONDU: Nimesema zilienda.

(Mtandao unakwaruza.)

GITHAE: Haloo? Mama, bado uko?

KALONDU: Niende wapi?

GITHAE: Wacha nikueleze kwa nini nauliza. Kuna biashara ingine ya sweta huku Ruiru, upande wa Gatongora. Iliandikishwa muda mfupi baada ya yako kunyamaza. Na jina Mumo liko kwa hiyo, na liko kwa yako. Mumo ni nani kwako?

KALONDU: Msichana wangu. Alipomaliza koleji nilimpeleka tukaandikisha jina lake kando ya langu. Fundi wa kibao cha duka akasema herufi zimekuwa nyingi, atoe jina moja. Nikamwambia afinye.

GITHAE: Sawa, hapo ndipo—

KALONDU: Umempigia?

GITHAE: Siwezi kusema, mama.

KALONDU: Sijauliza alisema nini. Nauliza kama alishika simu.

GITHAE: Ya biashara moja hatupelekei ingine. Hata haya yako sitampa mtu.

KALONDU: Sauti yake ilikuwa sawa? Baridi ikija hushikwa na kifua, na uzi una vumbi.

GITHAE: Mama, please.

KALONDU: Haya. Endelea.

GITHAE: Tuna vitu vitatu tunaangalia. Mwenyewe, kazi, na mahali. Viwili vikibaki vile vile, hiyo ni biashara moja, imehama tu. Visipobaki, hiyo ya Makongeni imekufa na ya Gatongora imezaliwa mpya.

KALONDU: Mpya kabisa. Kama uyoga.

GITHAE: Mahali pamebadilika, hiyo tunajua. Kazi na mwenyewe ndio nauliza. Yako na ile, ni moja ama ni mbili?

KALONDU: Yeye alisemaje?

GITHAE: (kimya)

KALONDU: Alisema ni mpya.

GITHAE: Sijasema hivyo.

KALONDU: Kijana, hawakukufundisha kunyamaza vizuri.

GITHAE: (kwa sauti ya chini) Mama, kuna supervisor hapa nyuma yangu.

KALONDU: Mwambie nakusumbua. Ni kweli.

GITHAE: Wacha niulize hivi. Hizo mashine zilitokaje hapo? Mlikubaliana?

KALONDU: Alikuja na pickup. Alikuwa amesema mwaka mzima, mum, tuhamie huko, shule mpya ziko huko, hapa tunafumia watoto wa jana. Nikamwambia jina langu liko Makongeni na mimi niko Makongeni. Basi akaja na pickup. Nilishika mlango wasigonge mashine.

GITHAE: Kwa hivyo mlikubaliana.

KALONDU: Nimesema nilishika mlango.

GITHAE: Hukumwambia kitu?

KALONDU: Nilimwambia ile kubwa isilazwe, isafiri ikiwa imesimama. Akasema sawa mum. Akaingia mbele na dereva.

GITHAE: Na tangu hapo?

KALONDU: Tangu hapo nafagia, si nimekwambia?

(Mtandao unakwaruza. Upande wa Githae sauti nyingine zinasikika zikiuliza maswali yale yale.)

KALONDU: Hao ni kina nani?

GITHAE: Wenzangu. Sisi wote tunapiga. Nyingi haziingii. Zingine anashika mtu mwingine kabisa, namba ilipeanwa zamani.

KALONDU: Na wewe mama yako yuko wapi?

GITHAE: Murang'a.

KALONDU: Ulimpigia lini?

GITHAE: (anakohoa) Turudi kwa kazi, mama. Huko Gatongora anafuma sweta za shule kama zenu?

KALONDU: Mimi nitajuaje? Sijafika.

GITHAE: Basi nitaandika haijulikani. Na ikiwa haijulikani, system yenyewe inaua.

KALONDU: Ngoja.

GITHAE: Niko.

KALONDU: Nilimshika mtoto wa watu shingoni.

GITHAE: Ati?

KALONDU: Hapa Thika, kwa foleni ya benki. Mtoto alikuwa mbele yangu na sweta ya kijani, shule siijui. Watu wengi wakifika shingoni wanakata, wanapitisha cherehani juu, wamemaliza. Mimi naunga kwa mkono, kitanzi kwa kitanzi, halafu nyuma narudi mara ya pili, ndio kola isipanuke mtoto akivutwa na wenzake. Inachosha macho. Mumo aliichukia hiyo kazi. Alisema hakuna mzazi anageuza sweta kuangalia. Basi nikageuza kola ya yule mtoto.

GITHAE: Na ikawa?

KALONDU: Mama yake akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia samahani, umenunua wapi hii sweta? Akasema Gatongora.

GITHAE: Ilikuwa imerudiwa nyuma?

KALONDU: Imerudiwa vizuri kuliko yangu.

GITHAE: Basi kazi ni ile ile.

KALONDU: Hiyo ni kazi yangu. Iko Gatongora.

GITHAE: Imebaki mwenyewe. Kwa karatasi za Makongeni mko wawili. Kama mmoja wenu ndiye anaendesha ile ingine, kwetu mwenyewe amebaki. Hiyo inakuwa biashara moja. Niandike imehama?

KALONDU: Ukiandika, inakuwa nini?

GITHAE: Ile ya Ruiru haitahesabiwa kama mpya. Mwaka wake wa kuanza unakuwa wa kwako. Lakini—

KALONDU: Nilijua kuna lakini.

GITHAE: Siwezi kuandika upande mmoja peke yake. Lazima nipigie Gatongora niulize: hii biashara ilitoka Makongeni, ndio ama hapana?

KALONDU: Na utamwambia ni mimi nimesema?

GITHAE: Siruhusiwi kutaja mtu.

KALONDU: Atajua. Makongeni hana mtu mwingine.

GITHAE: Najua, mama.

KALONDU: Na nikisema imekufa?

GITHAE: Tunamaliza hapa hapa. Simpigii tena.

KALONDU: Akisema hapana?

GITHAE: Basi yako nafunga imekufa, yake inabaki imezaliwa, na zinakaa hivyo. Hatuulizi mara ya pili. Si lazima uamue sasa. Naweza kuacha wazi hadi—

KALONDU: Usiniachie kitu wazi. Nina ya kutosha. Hii chumba, mwenye nyumba ameniuliza mara mbili kama bado naitaka, kuna mtu wa kuchoma chips anaingoja. Namwambia nangoja jibu. Jibu la nani, sijui.

GITHAE: Sasa?

KALONDU: Andika imehama.

GITHAE: Una hakika?

KALONDU: Nimesema andika.

GITHAE: (anabonyeza) Sawa. Nimeandika, inangoja upande wa pili.

KALONDU: Ukimpigia usimpigie asubuhi. Asubuhi anapanga nyuzi na hajui kuongea akipanga nyuzi, atakujibu hapana kwa kila kitu hata ukimuuliza jina lake. Piga akishakula.

GITHAE: Saa hii watu wameshakula.

KALONDU: Ndio, saa hii ni sawa.

GITHAE: Nitapiga nikimaliza na wewe.

KALONDU: Na usiulize kama polisi. Useme habari kwanza, umwache ajibu. Umuulize kifua— hapana. Usimuulize kifua.

GITHAE: Sitauliza.

KALONDU: Utanipigia uniambie alisema nini?

GITHAE: Hapana, mama. Hiyo siwezi. Hii ndiyo simu ya mwisho kwa hii namba.

KALONDU: Hata ndio ama hapana tu?

GITHAE: Hata hiyo. Pole. Kutoka kwetu hutajua.

KALONDU: Basi nitajua kutoka kwa nani?

GITHAE: Yeye namba yako anayo?

KALONDU: Ni hii hii. Sijabadilisha.

GITHAE: Kuna swali moja limebaki, ni la barua pepe, kama mko na—

KALONDU: Hatuna. Kata.

GITHAE: Ni dakika moja tu—

KALONDU: Kata simu, kijana. Akipiga asikute naongea.

GITHAE: Mama, bado sijampigia.

KALONDU: Najua. Kata.