Kama Limber Atafunga Huko Chini

Pale Chullpacollo, juu milimani kwenye baridi, jua ni mali ya umma, na benchi la mawe lililo mbele ya ukumbi wa klabu hulipata mapema kuliko paa lolote mjini. Ndiyo maana Jumapili asubuhi, misa ikiwa bado haijaisha, wazee watatu huwa wameshajipanga hapo kama soksi kwenye kamba, makoti yamefungwa hadi kidevuni, kila mmoja ameshika kwa mikono miwili bilauri ya api ya Doña Nieves, mchuuzi wa pale nje: uji wa mahindi ya zambarau, mdalasini na karafuu, wa moto wa kubabua ulimi. Wa kwanza ni Hewa, fundi wa matairi, ambaye kwake kila jambo duniani ni suala la upepo. Wa pili ni Redio, anayetembea na redio kwapani tangu mgodi ulipofungwa, akidai kwamba habari ya kufunguliwa kwake itatangazwa wakati wowote. Wa tatu ni Don Casimiro, lakini hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Ngoma, kwa sababu akinong'ona, mbwa wa mtaa wa pili huamka.

Asubuhi hiyo Ngoma alikuwa amefika kabla ya jua lenyewe. Baada ya misa, wanachama wa Veta Negra, klabu ya mpira ya mji, wangeingia ukumbini kupiga kura ya kunyoosha mikono: mshambuliaji wao, Limber Callisaya, aruhusiwe kushuka kwenda kuchezea klabu moja ya Santa Cruz, huko chini kwenye joto, au abaki nao milimani? Na neno la Ngoma lilikuwa na uzito zaidi ya mkono mmoja. Tangu vijana wa mji ule waanze kuhama, kila nyumba ina chumba kitupu, na klabu, isiyo na fedha za hoteli wala haya ya kuomba, huwalaza wachezaji wake kwenye vitanda vya watoto walioondoka. Redio alipewa kipa. Hewa alipewa mabeki wawili. Limber alikuwa akilala kwenye kitanda cha Óscar, mwana pekee wa Ngoma, aliyekwenda São Paulo kushona nguo. Na desturi ni kwamba mchezaji akitakiwa kwingine, mwenye nyumba ndiye husema kwanza, na haijapata kutokea mikono ikaenda kinyume naye.

– Hafungi, alisema Ngoma. Nawaambia hafungi huko chini, hata goli likiwekwa magurudumu likamfuata.

– Lakini hapa anafunga, alisema Redio. Bila yeye tusingekuwa hapa tulipo.

– Tulipo wapi, kompadre? Tuko mkiani!

– Bila yeye hata huo mkia tungeusikia kwa jirani.

– Tuko mkiani kwa sababu ya huyo kipa wako. Mpira ukija anaupisha kama askofu.

– Kipa wangu umwache. Nyumbani anadaka vizuri tu.

– Anadaka nini?

– Mayai, alikiri Redio. Kila asubuhi. Hajawahi kuangusha hata moja.

Hewa aliweka bilauri chini. Akiweka bilauri chini, watu hujua kwamba sayansi inakuja.

– Sikilizeni, nyie watu. Hewa ya huku ni nyembamba, mpira unapita kama kisu. Limber akipiga kutoka mbali, unafika golini ukiwa bado na hasira. Huko chini hewa ni nzito kama blanketi lililolowa. Mpira uleule, mguu uleule, utafika golini umechoka, unaomba maji.

– Umesikia, kompadre? alisema Ngoma. Fundi kasema.

– Alifunga Cochabamba, huko bondeni, Redio alisisitiza. Nililisikia goli kwa masikio yangu. Mtangazaji alilia.

– Redio hiyohiyo ndiyo inayosema mgodi utafunguliwa?

– Hiyo ni habari nyingine.

– Kipa aliteleza, basi. Mimi nitawaambia siri ya Limber. Beki wa huko chini akipanda hapa, dakika ya ishirini kichwa kinamzunguka, anaona Limber watatu. Anamkaba wa katikati kwa nguvu zake zote. Kumbe wa kweli yuko pembeni, anafunga! Sasa mpeleke huko chini. Beki kalala vizuri, kala vizuri, anaona Limber mmoja. Mmoja tu! Atamkosaje?

Walicheka hadi Redio akajimwagia api kwenye koti. Hewa, asiyependa kupitwa, akachukua zamu.

– Na mbu je? Damu ya mtu wa huku ni nzito kama hii api. Mbu wa kule akiionja mara moja, hali tena kwa mwingine. Ataita ukoo mzima. Kijana atacheza kipindi cha kwanza na damu yake, cha pili na maji.

– Na usingizi! alidakia Redio, ambaye alikuwa ameshasahau yuko upande gani. Huko hewa ni tele, pumzi moja inatosha saa nzima. Mtu akilala haamki. Binamu yangu alishuka kwa likizo, mpaka leo hajarudi. Mimi naamini bado amelala.

– Hayo yote madogo, alisema Ngoma, akisimama juu ya benchi kabisa. Kubwa ni ardhi. Nani humwagia Mama Ardhi tone la kwanza la pombe kabla ya kila mechi, pale kwenye goli la kaskazini? Mimi. Ardhi ya hapa inamjua Limber, inajua hata saizi ya viatu vyake. Akianguka inampokea kwa mto. Ile ya kule itauliza, huyu nani, katoka wapi, nani kamtambulisha? Itamtega kisigino mchana kweupe, na mwamuzi atapuliza kwamba kajiangusha!

Alishuka akipigiwa makofi, akacheka kuliko wote. Lakini macho yake yalikuwa yamekimbilia mteremkoni, kwenye mlango wa bluu wa nyumba yake, ambao nyuma yake Limber alikuwa bado amelala. Kabla ya kijana huyo kuja, Ngoma alikuwa akiingia ndani jioni na kusema kwa sauti, “Nimerudi!”, na birika lilikuwa halijibu. Justina, mkewe, alikuwa makaburini. Óscar alikuwa kwenye simu, siku nyingine hata huko hakuwepo. Ngoma alijaribu kumpigia paka wa jirani hadithi zake nzuri kabisa, na paka akaondoka katikati. Mchekeshaji asiye na wa kumcheka ni mzee tu anayepiga kelele chumbani. Halafu klabu ikamleta Limber na begi lake moja, akaketi upande wa pili wa meza, akainamisha kichwa kwenye bakuli, akacheka palepale panapostahili kuchekwa. Misimu miwili sasa. Jana usiku Ngoma alikuwa amelala macho, akisikiliza mtu akikoroma nyuma ya ukuta.

– Sasa kompadre, aliuliza Redio akijifuta koti, tukiingia utasema nini?

– Nitasema abaki. Kwa faida yake.

– Kwa faida yake, alirudia Hewa, akitazama ndani ya bilauri yake.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja akivuka uwanja wa mji akishikilia nguzo moja hadi nyingine, kama mtu aliye kwenye sitaha ya meli. Alikuwa mnene, amevaa gauni jepesi la pamba, na juu yake blanketi la nyumba ya wageni.

– Habari za asubuhi, mabwana. Naomba niketi kabla sijaanguka.

Walimsogelezea nafasi. Doña Nieves akamletea api bila kuulizwa.

– Vuta pumzi kidogokidogo, mama, alishauri Hewa. Hewa ya huku haitaki pupa.

– Asante, baba. Mimi naitwa Erlinda. Nimekuja na mjumbe wa klabu ya Santa Cruz. Yeye yuko chumbani, amekumbatia ndoo.

Ngoma alijivuta hadi ukingoni mwa benchi.

– Kumbe ndio nyinyi mliokuja kutubebea kijana wetu!

– Mimi sibebi mtu, mzee wangu. Mimi ni mpishi. Napika kwenye nyumba wanakokaa wachezaji.

– Na mpishi kapanda milima yote hii kutafuta nini? Chumvi?

Doña Erlinda hakukasirika. Alikunywa funda moja, akangoja moyo utulie.

– Walishakuja vijana wengine wa milimani kabla ya huyu. Wazuri, wana mbio. Wakifika wanafunga, watu wanashangilia. Halafu naanza kuona sahani. Nawawekea wali, mihogo, ndizi, samaki wa mtoni. Wananiambia asante Doña Erlinda, kisha wanaisukuma kidogo hivi. Wanakonda, wananyamaza, mpira nao unawakataa. Mwisho wanarudi kwao. Kocha anasema ni hewa.

– Si nilisema! alipaza sauti Hewa.

– Yeye ni kocha, anatazama hewa. Mimi natazama sahani. Nikiwauliza wenyewe, mnapenda nini wanangu, wanasema, chochote tu, Doña. Vijana wenu wana adabu mno. Sasa safari hii nilimwambia mwenyekiti, huyu mkimtaka, kwanza nipande mimi. Nikamuulize mtu anayekaa naye. Nina swali moja tu.

Redio na Hewa waligeuka kwa pamoja wakamtazama Ngoma.

– Limber anapenda kula nini?

Ngoma alicheka. Alikuwa amejiandaa kwa mapanga, wakamletea kijiko.

– Supu ya karanga! Nzito, mfupa wa ng'ombe ndani, vibanzi vya viazi juu. Kila Alhamisi na kila Jumapili nampikia kwa mkono huu. Halambi bakuli kwa sababu tu ameketi mbele yangu.

– Supu ya karanga, alirudia Doña Erlinda polepole, akiitia kichwani. Mfupa wa ng'ombe. Vibanzi.

– Kompadre, alisema Redio.

– Nini?

– Hiyo si ya Óscar?

Redio ndiye aliyemshika Óscar siku ya ubatizo, na tangu hapo yeye na Ngoma huitana kompadre. Alisema kwa upole, hata akaweka redio chini.

– Óscar ndiye aliyekuwa anakataa kila kitu ila supu ya karanga. Justina alikuwa analia jikoni. Umesahau?

Ngoma alizirudia kichwani jioni zote za mezani. Alijiona yeye, mikono hewani, akisimulia kisa cha nyumbu aliyeingia kanisani, kisa cha meneja wa mgodi na meno ya bandia. Hadithi zote alizikumbuka kwa mpangilio. Upande wa pili aliona kijiko kikipanda na kushuka, bakuli likiisha, kama linavyoisha bakuli la mgeni yeyote aliyelelewa vizuri. Aliwahi kuomba kuongezwa? Aliwahi kuacha kitu pembeni? Ngoma hakujua. Hakuwa amemtazama. Alikuwa anaongea.

– Labda nyama kavu ya lama, alijaribu Hewa. Kila mtu anapenda nyama kavu.

– Nimeuliza anachopenda yeye, baba.

– Doña Nieves, yeye kwako hunywa nini? aliuliza Redio.

– Api, kama nyinyi, alisema Doña Nieves. Anasema asante, anaondoka.

Kengele ya kanisa ililia. Watu walimwagika uwanjani wakiwa na nguo za Jumapili, milango ya ukumbi ikafunguliwa, na katibu akasimama kizingitini akimpungia mkono mwenye nyumba aje aseme kwanza. Hewa na Redio waliinuka. Hakuna aliyemhimiza.

Ngoma alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

– Sijui, mama, alisema. Nimekaa naye muda wote huu, na sijui anapenda nini.

– Sasa mimi nitajuaje?

– Akifika kwako, usimuulize. Atasema chochote tu. Keti naye mezani. Unyamaze. Utazame mkono wake unakwenda wapi kwanza, na anachokibakiza mwisho ili akifaidi.

– Nitatazama, mzee wangu.

Aliinuka akishika goti, akaanza kuelekea mlangoni ambako wote walikuwa wanamngoja. Katikati ya njia akageuka.

– Ukishajua, alisema, nipigie simu uniambie.